Kitu Adimu: Kukificha au Kukishiriki?

Wako watu wengi ulimwenguni ambao furaha yao ni kukusanya vitu ambavyo wengine huvitupa. Mmoja hukusanya sarafu za zamani, mwingine makombe ya baharini, mwingine mbegu za maua yasiyoonekana mara nyingi. Tena wako wakusanyaji wa stempu, ndiyo karatasi ndogo inayobandikwa juu ya bahasha ili kuonyesha ya kuwa gharama ya barua imelipwa. Barua ikiisha kufika, kazi ya stempu imekwisha. Mtu wa kawaida huchana bahasha na kuitupa motoni. Mkusanyaji huikata stempu ile taratibu, huilowesha majini mpaka gundi ilegee, huianika, kisha huiweka katika kitabu chake pamoja na nyingine.

Hata misioni zimepata faida kwa kazi hiyo. Katika Ubelgiji na nchi nyingine za Ulaya, wakristu walizoea kukata stempu za barua zao na kuzipeleka kwa mapadri na masista. Stempu hizo ziliuzwa kwa kilo kwa wakusanyaji, na fedha zilizopatikana zilisaidia kazi za misioni. Hivyo kitu kilichotupwa na mmoja kilikuwa msaada kwa mwingine.

Basi yaonekana ya kuwa huo ni mchezo mwema, usiomdhuru mtu. Walakini ndani ya mchezo huo limo swali ambalo si la mchezo. Mtu akipata kitu adimu, yaani kitu ambacho wengi wanakitamani na wachache tu waweza kukipata, je, yafaa akifungie sandukuni kwa ajili yake peke yake? Au anawiwa kitu na wenzake? Leo swali hili lahusu stempu. Kesho litahusu mbegu, kitabu, au elimu. Kwa hiyo yafaa lichunguzwe kwa utulivu, hatua kwa hatua.

UADIMU WATOKA WAPI?

Watu wengi hudhani ya kuwa kitu huwa na thamani kwa sababu ni cha zamani. Sivyo. Stempu ya kwanza ya dunia ilitolewa Uingereza mwezi wa Mei 1840. Ni nyeusi, ina sura ya Malkia Victoria, na bei yake ilikuwa peni moja. Ndiyo ya zamani kupita zote, lakini si adimu sana, kwani zilichapwa kama milioni 68. Kongo nayo ilipata stempu zake za kwanza mwaka 1886, zenye sura ya mfalme Leopold II.

Sasa ifikiriwe stempu nyingine. Mwaka 1856, katika koloni la Uingereza huko Amerika ya Kusini, nchi ambayo leo yaitwa Guyana, stempu zilizoagizwa kutoka Ulaya zilichelewa kufika. Mkuu wa posta akawaomba wachapaji wa gazeti la pale wachape stempu chache za kutumika kwa muda. Zikachapwa kwa wino mweusi juu ya karatasi nyekundu, na makarani wakaandika alama ya majina yao juu yake ili watu wasiziige. Miongoni mwa zile za senti moja, ni moja tu inayojulikana kuwapo hata leo. Mwaka 1873 mtoto wa miaka 12 aliiona kati ya karatasi za jamaa zake, akaiuza kwa shilingi 6. Mwaka 2014 karatasi hiyo hiyo iliuzwa mnadani New York kwa dola zaidi ya milioni 9.

Mtu aweza kushangaa na kuuliza: karatasi hii yafanya nini? Hailiwi, haivaliwi, haitibu homa. Thamani yake yote imo mioyoni mwa watu. Imezaliwa na mambo mawili: uchache wa kitu chenyewe, na wingi wa wanaokitamani. Likiondoka moja, thamani nayo yaondoka. Jani moja la mti usio na kazi laweza kuwa peke yake duniani, wala hakuna anayelinunua. Na maji ya mtoni hutamaniwa na wote, wala hayauzwi kwa mtu akaaye ukingoni.

Kwa hiyo mwenye kitu adimu hana budi kukumbuka ya kuwa sehemu ya utajiri wake imetengenezwa na wenzake. Wao ndio waliojifunza kuipenda stempu ile, wakaandika vitabu juu yake, wakaitafuta nyingine wasiione. Kama wangalinyamaza, yeye angalibaki na kipande cha karatasi chekundu.

FURAHA MBILI

Husimuliwa hadithi juu ya tajiri mmoja aliyekuwa na stempu ile ya Guyana. Yasemekana ya kuwa siku moja mtu alimjia na stempu nyingine iliyo sawasawa nayo. Tajiri akainunua kwa fedha nyingi, kisha akawasha kiberiti, akaiteketeza mbele ya macho ya yule aliyeiuza, akasema ya kuwa sasa imebaki moja tu. Hadithi hii haijathibitishwa, na yawezekana ni uzushi mtupu. Hata hivyo watu wameisimulia miaka mingi, kwa sababu wanautambua moyo ule. Wameuona kwa jirani. Pengine wameuona katika vifua vyao wenyewe.

Hapo tunaona ya kuwa kuna furaha mbili zinazofanana kwa nje lakini ndani hazifanani kabisa. Furaha ya kwanza yatoka katika kitu chenyewe: rangi yake, habari zake, kazi ya mikono iliyokitengeneza. Furaha hiyo haipungui mwenzako akiwa na kitu kama hicho; labda yaongezeka, kwani sasa mko wawili wa kuzungumza habari zake. Furaha ya pili yatoka katika ukosefu wa mwenzako. Mtu hafurahi kwa sababu anacho, bali kwa sababu mwingine hana. Furaha hiyo ni mtoto wa majivuno na ndugu wa wivu. Haishibi kamwe, kwani kila siku yabidi ilinde ukosefu wa wengine usije ukaisha.

Mtu atajuaje ni furaha gani iliyo ndani yake? Ajiulize neno moja: “Nikisikia ya kuwa jirani yangu amepata kitu kama changu, je, moyo wangu hufurahi au huchoma?” Jibu la swali hilo halihitaji mwalimu. Kila mtu hulisikia mwenyewe.

WATAJIRI WAWILI

Katika habari za wakusanyaji wamo watu wawili wanaostahili kulinganishwa. Wa kwanza ni Thomas Tapling, Mwingereza, mbunge, aliyekufa mwaka 1891 angali kijana wa miaka thelathini na mitano hivi. Alikuwa amekusanya stempu za karibu nchi zote za wakati wake. Katika wasia wake aliziacha zote kwa nyumba kubwa ya makumbusho ya taifa huko London. Hata leo zinatunzwa katika Maktaba ya Uingereza, na watu waweza kwenda kuzitazama. Mwanafunzi maskini aweza kusimama mbele ya stempu ambazo hata matajiri hawawezi kuzinunua.

Wa pili ni Philipp von Ferrary, aliyezaliwa Paris mwaka 1850 katika jamaa ya matajiri wakubwa. Kwa miaka mingi alinunua stempu bila kuchoka. Ile moja ya Guyana ilikuwa yake, na stempu moja ya Sweden iliyochapwa kwa rangi isiyo yake, nayo ni ya pekee, ilikuwa yake pia. Naye aliandika wasia kwamba zote zipewe makumbusho ya posta ya Berlin. Lakini alikufa mwaka 1917, katikati ya vita kuu. Serikali ya Ufaransa ikazichukua stempu zake kama mali ya adui, ikaziuza mnadani kidogo kidogo tangu 1921 hata 1926. Mkusanyo ule mkubwa ukatawanyika ulimwenguni, wala Berlin haikuupata.

Mtu asihukumu upesi. Wote wawili walikuwa na nia moja: kuwaachia watu wote vitu walivyovipenda. Nia ya mmoja ikatimia, nia ya mwingine ikavunjika, wala hakuwa na kosa la vita. Lakini somo limo. Anayeahidi kushiriki baada ya kufa ameiweka zawadi yake katika mikono ya wengine na katika hatari za nyakati. Anayefungua mkono angali hai huona kwa macho yake zawadi inafika. Yule aliyeinunua stempu ya Guyana mwaka 2014 hakuingoja siku yake ya mwisho. Aliiazima kwa makumbusho ya posta ya taifa la Marekani, mjini Washington, nayo ikawekwa wazi tangu mwaka 2015 ili kila apitaye aitazame. Umiliki wake haukupungua hata kidogo, na maelfu ya watu walipata sehemu katika furaha yake.

MLANGO WA NYUMA

Mpaka hapa imesemwa habari ya wanunuzi. Lakini kuna jambo lingine: namna kitu adimu kinavyogawanywa tangu mwanzo.

Katika Marekani, tangu mwaka 1933, mkuu wa posta alikuwa James Farley. Stempu mpya zilipochapwa, yeye alichukua karatasi nzima nzima kabla hazijatobolewa matundu ya kukatia, akawapa watu aliowapenda kama zawadi. Mmoja wao alikuwa Rais Franklin Roosevelt mwenyewe, ambaye alikuwa mkusanyaji hodari. Farley hakuziiba, alilipa kwa fedha zake bei iliyoandikwa juu ya stempu. Lakini mwananchi wa kawaida akienda posta na fedha zile zile, hakuweza kupata karatasi za namna ile. Wakusanyaji walipojua wakapiga kelele nchi nzima. Mwishowe, mwaka 1935, Posta ikachapa tena stempu zile zisizotobolewa, ikaziuza kwa kila aliyezitaka, kwa bei yake ya kawaida.

Kosa lilikuwa wapi, ikiwa bei ililipwa? Kosa lilikuwa mlangoni. Stempu ni kazi ya serikali, na serikali ni ya watu wote. Mtu aliyepewa ufunguo wa ghala la wote asiwafungulie rafiki zake mlango wa nyuma huku wengine wamesimama mbele ya mlango uliofungwa. Hata akilipa, amechukua kitu kisichouzwa: ametwaa nafasi za wenzake. Hilo si suala la mapendo tu, ni suala la haki. Na dawa yake ilikuwa sawa: kuufungua mlango ule kwa wote.

Neno hilo laeleweka vizuri kijijini. Mgawaji wa mbegu akiweka pembeni zile nzuri kwa ajili ya ndugu zake kabla watu hawajafika, hata kama ndugu zake wanalipa, kijiji kizima chajua ya kuwa ameonewa mtu.

KOSA LILILOCHAPWA KWA MAKUSUDI

Habari ya mwisho yahusu Kongo kwa karibu. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, ndege iliyomchukua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Alikuwa anakwenda kuonana na Moïse Tshombe ili vita vya Katanga visimame. Yeye na wote waliokuwa pamoja naye walipoteza maisha yao. Mwaka ule ule akapewa tuzo ya Nobel ya amani baada ya kifo chake.

Mwezi wa Oktoba 1962 Marekani ilitoa stempu ya senti 4 kwa kumkumbuka. Katika kuichapa, karatasi chache zilipita mashinani zikiwa zimegeuzwa, na rangi ya manjano ikakaa kichwa chini. Sonara mmoja wa jimbo la New Jersey alinunua stempu posta kama mtu yeyote, akagundua ya kuwa ana karatasi ya stempu 50 zenye kosa hilo. Makosa ya namna hii yana thamani kubwa sana mbele ya wakusanyaji. Basi ikawa kama mkulima aliyechimba muhogo akaona dhahabu.

Lakini mkuu wa posta wa wakati ule, J. Edward Day, aliposikia habari hiyo, akaamuru stempu nyingine zichapwe na kosa lile lile kwa makusudi, zaidi ya milioni 40, ziuzwe kwa wote. Alisema ya kuwa Posta haikuwekwa iwe mchezo wa bahati nasibu. Sonara akaenda mahakamani kumzuia, lakini nyingi zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Thamani ya karatasi yake ikayeyuka kama umande juani. Tangu siku hiyo kila mtu aweza kupata stempu ile kwa fedha kidogo sana.

Je, Day alitenda haki? Watu wema wamehitilafiana juu yake. Wanaomtetea husema: mali ya umma isimtajirishe mmoja kwa bahati, wote na wapate sawa. Maneno hayo yana uzito. Lakini yafaa habari hii ilinganishwe na ile ya 1935. Kule, mlango ulifungwa mbele ya watu. Hapa, mlango ulikuwa wazi. Sonara hakupendelewa na mkubwa, hakudanganya, hakuchungulia ghalani. Alisimama mbele ya dirisha la posta na kulipa kama wengine. Bahati si dhuluma. Aliyeokota hakumnyang'anya asiyeokota.

Tena, watu walionunua zile stempu milioni 40 walipewa nini? Hawakupewa kitu adimu. Walipewa kitu cha kawaida kinachofanana nacho. Mtu akimimina kikombe kimoja cha asali katika mtungi wa maji ili kijiji kizima kinywe, wote watakunywa, lakini hakuna atakayeonja asali. Kuwafanya watu wote wawe sawa kwa kuharibu kizuri cha mmoja si kushiriki. Mara nyingine ni wivu uliovaa nguo za haki. Moyo wa Day haujui mtu ila Mungu; lakini tendo lenyewe lafundisha ya kuwa usawa na haki si jina moja. Haki yauliza: “Je, mlango ulikuwa wazi kwa wote?” Haiulizi: “Je, wote wametoka na vitu vilivyo sawa?”

“NI MALI YANGU”

Basi, ikiwa bahati si dhuluma, mwenye kitu adimu aweza kusema: “Ni mali yangu, niacheni.” Je, neno hilo lamaliza mashauri?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa wa karne ya 13, alifundisha mambo mawili pamoja. Kwanza, ni halali mtu awe na mali yake, kwani kila mtu hutunza vizuri zaidi kilicho chake, na amani hukaa pale ambapo kila mtu ajua kilicho chake. Pili, katika kukitumia, mtu asikihesabu kuwa chake peke yake, bali awe tayari kuwashirikisha wenye haja. Mafundisho hayo ni kama miguu miwili. Anayekata mmoja hatembei.

Walakini yafaa kupambanua haja na hamu. Mwenye njaa mbele ya ghala lililojaa ana haja, na haja yake yadai. Anayenunua chumvi yote ya soko ili wenzake wailipe mara tatu anatenda dhambi juu ya maisha yao. Mwenye kutamani stempu hana haja ya namna hiyo. Ana hamu tu. Hawezi kusema, “Nipe, ni haki yangu.” Kama asemavyo hivyo, yeye ndiye anayeikaribia dhambi ya amri ya kumi, inayokataza kutamani mali ya mwenziwe. Kwa hiyo somo hili lina makali pande zote mbili: lamkemea mchoyo, na lamkemea mwenye wivu.

Lakini pale ambapo haki hainyoshi mkono kudai, mapendo hunyosha mkono kutoa. Waswahili husema: Kizuri kula na nduguyo. Kitu adimu hakiwezi kukatwa vipande bila kuharibika. Lakini viko vitu vingi juu yake vinavyoweza kugawanywa. Chaweza kuonyeshwa. Habari zake zaweza kufundishwa. Ziada zake zaweza kutolewa. Nafasi ya kukipata yaweza kuachwa wazi kwa anayekuja nyuma. Mtu mwenye stempu tatu zilizo sawa, akaficha mbili ili mwenziwe asipate hata moja, hawezi kujitetea kwa kusema ya kuwa anapenda stempu. Moja yatosha kwa kuipenda. Zile mbili zinapendwa kwa sababu mwingine hana.

Tena yupo wa kuchungwa zaidi, naye ni mkubwa mbele ya mdogo asiyejua. Mtoto akileta kitu cha thamani asichokifahamu, na mzee anayekijua akanyamaza, akampa sarafu mbili, huyo hakufanya biashara. Amevunja amri ya saba bila kuvunja kufuli. Elimu nayo ni kitu adimu. Anayeitumia kumfunga macho mwenzake ameigeuza taa kuwa mtego.

KITABU KINACHOZUNGUKA

Wakusanyaji wenyewe wamevumbua desturi moja nzuri. Katika vyama vyao, kila mwanachama hubandika stempu zake za ziada katika kitabu kidogo, akiandika bei chini ya kila moja. Vitabu hivyo hutiwa katika sanduku na kuzungushwa kwa posta, toka nyumba hata nyumba. Kila mmoja hukaa navyo siku chache, huchukua anachohitaji, hulipa, hutia alama yake mahali palipobaki wazi, kisha hupeleka mbele. Hakuna askari anayewalinda. Mtu mmoja akilaza sanduku nyumbani kwake, wote wa nyuma wangoja bure. Mtu mmoja akiondoa stempu nzuri na kuweka mbovu mahali pake, chama kizima kimejeruhiwa. Desturi nzima yasimama juu ya neno moja: kila mtu hukumbuka ya kuwa yuko wa nyuma yake.

Sasa msomaji ageuze macho atazame kijijini. Mahali pengi kitabu cha mafundisho ni kimoja tu kwa watu ishirini. Anayekishika akikilaza chini ya mto wake mwezi mzima kwa sababu anapenda kukisoma polepole, anapenda kitu chema kwa namna mbaya. Hakuiba, kwani alipewa. Lakini siku zinapita, na mama aliye mwisho wa safu, anayejitayarisha kwa ubatizo kama yeye, angali angoja ukurasa wa kwanza. Na yule mkulima aliyepata mbegu za karanga zisizougua, akizificha ili shamba lake peke yake listawi, ajue ya kuwa ugonjwa wa shamba la jirani hauheshimu mpaka, utarudi kwake. Waisraeli jangwani walioilimbika mana hata kesho waliikuta imeingiwa na mabuu. Kitu kilichotolewa kwa ajili ya wote hakipendi kufungwa.

Moyo wa mtu hujifunza katika vitu vidogo. Hakuna aliyeanza uchoyo kwa ghala la mahindi. Alianza kwa kipande cha muwa, kwa kalamu, kwa picha ndogo. Vivyo hivyo hakuna aliyeanza ukarimu kwa mali nyingi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtoto anayempa mwenziwe stempu yake ya pili amefanya kazi ndogo sana. Lakini vidole vyake vimejifunza njia ya kufunguka, na siku ya njaa havitaisahau.

MASWALI YA KUKUMBUKA

Je, ni dhambi kuwa na kitu adimu? 
Hapana. Mtu aweza kuwa nacho kwa halali, akiwa amekipata kwa mlango ulio wazi.

Ni lini mwenye kitu adimu avunja haki? 
Avunjapo haki ni hapo anapokipata kwa mlango wa nyuma, au kwa kumdanganya asiyejua, au anapowafungia wengine kitu ambacho maisha yao yanakihitaji.

Ni lini avunja mapendo? 
Ni hapo anapoficha ziada yake, au maarifa yake, au hata sura ya kitu chake, ili tu afurahie ukosefu wa mwenziwe.

Na asiye na kitu hicho afanye nini? 
Afurahi pamoja na mwenziwe, wala asitake kizuri cha mwenziwe kiharibiwe ili wote wawe sawa.

Mtu ajijue kwa alama gani? 
Kwa kusikiliza moyo wake siku jirani anapopata. Ukifurahi, kitu hicho ni chake. Ukichoma, yeye ndiye mali ya kitu hicho.